Mahindi Yaliyopotelea Kwenye Nukta

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakijiita hivyo huwa wana maana wanawapenda watoto wao. Mimi nina maana sipendi kutoka. Busia yetu imekatwa katikati na mpaka, sisi tukiwa upande wa Uganda, watu wanavuka upande wa Kenya kununua sabuni na kurudi kabla maji ya kuoga hayajapoa, na mimi naweza kumaliza mwezi bila kufika hata barabarani. Wageni wakiniulizia, mamangu alikuwa akiwajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hapana mgonjwa huyu. Iko hivyo tu."

Kazi nilikuwa nayo, ila haikuonekana kwa macho. Nilisoma sekondari huko upande wa Kenya mpaka kidato cha nne, nikarudi na Kiswahili kizuri na matokeo mabaya. Kutengeneza simu kulinifikisha kwenye kompyuta, kompyuta ikanifikisha kwenye kuandika programu, na hilo nilijifunza peke yangu kwenye intaneti, nimekaa kwenye kochi ambalo limebonyea kwa umbo langu hata mgeni akikalia anaona aibu. Majirani waliamini nacheza kamari. Mamangu hakuamini hili wala lile. Aliniacha tu, na kwa hilo namshukuru kuliko ada zote alizonilipia.

Yeye alikuwa mfagiaji katika ghala la ushirika wa wakulima, njia ya kwenda Tororo. Inabidi nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa kilichotupata. Mahindi ya wakulima wa Masafu na Lumino yakifika, yalipimwa mlangoni gunia kwa gunia na mkulima akapewa risiti yake. Halafu gunia lilifunguliwa, mahindi yakapitishwa kwenye machekeche mawili makubwa ya waya yanayotikiswa na injini, kutoa makapi na mawe, na mwisho yakaingia kwenye tangi la bati refu kama kanisa. Chekeche likitikisika, punje huruka. Wanawake waliofagia pale hawakuwa na mshahara. Malipo yao yalikuwa kile kilichoanguka sakafuni. Desturi hiyo ilikuwako kabla ya ushirika kuwa na jina, na hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha. Jioni mwanamke anaondoka na beseni lake kichwani, mlinzi anamfungulia lango, wanaagana.

Beseni la mamangu lilikuwa na punje zilizopasuka, vumbi na kokoto. Alikuwa akipepeta uani: nzuri zinakwenda kwenye uji, mbovu kwa kuku, mawe yanarudi barabarani yalikotoka. Tumekula sakafu ya ghala lile miaka mingi. Ukiniona nilivyo utajua ilikuwa na rutuba.

Ni yeye aliyenipatia kazi pale. Ushirika ulitaka kujua mahindi yanayoingia kwenye tangi ni kiasi gani bila mtu kupanda ngazi na kuchungulia. Mamangu akamwendea meneja, mtu wa upande wa Kenya, kijana wa shati jeupe hata siku ya vumbi.

"Bwana Meneja, mtoto wangu anaongea na kompyuta."

"Na watu je, anaongea nao?"

"Watu, hapana sana."

Meneja alicheka, akaniita, na mimi, kwa heshima ya mamangu, nikatoka nyumbani.

Niliweka mizani ya kielektroniki chini ya kila chekeche, nikaziunganisha zote mbili na kadi ndogo ya kompyuta ya bei rahisi, na ukutani mwa ofisi nikatundika skrini. Kila mahindi yalipopita kuelekea kwenye tangi, jumla kwenye skrini ilipanda, na lori likipakia, meneja aliingiza uzito wake, jumla ikashuka. Siku ya kwanza mamangu aliingia ofisini na ufagio mkononi, akasimama mbele ya zile namba nyekundu kama mtu aliyeletewa picha ya arusi.

"Hizi ni zako?"

"Ni za mahindi, Mama."

"Lakini wewe ndiye umeziwasha," akasema, akatoka kuwaita wenzake.

Nieleze nilichoandika, sitachukua muda. Ndani ya programu niliweka vibarua wawili, kila mmoja akitazama mizani yake. Mahindi yakitua, kibarua anasoma uzito, anakwenda kwenye jumla, anaongeza. Sasa, vibarua wawili na jumla moja wana shida anayoijua yeyote aliyewahi kuandika hesabu kwenye ubao mmoja na mwenzake. Mimi nasoma ubaoni mia. Wewe nawe unasoma mia. Mimi naongeza hamsini yangu, nafuta, naandika mia na hamsini. Wewe unaongeza thelathini yako kwenye ile mia uliyoisoma, unafuta, unaandika mia na thelathini. Hamsini yangu imekwenda wapi? Haikuibwa. Imefutwa na mtu mwaminifu. Kwa hiyo kuna amri maalumu ya kuiambia kompyuta kwamba kusoma, kuongeza na kuandika kuwe tendo moja, mwingine asiingie katikati. Wenye fani wanaliita tendo la atomiki. Mimi amri hiyo niliiandika. Naomba likumbukwe, maana baadaye lilisahauliwa na wengi.

Ila kompyuta haisomi ninachoandika mimi. Katikati yetu kuna programu nyingine, kompaila, ambayo huchukua maandishi yangu na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Ni mkalimani. Sisi wa mpakani tumezoea wakalimani: unamwambia neno lako, anageuka kwa ofisa, na wewe unasimama pale unatabasamu ukiamini amesema ulichosema. Yule wangu alikuja pamoja na ile kadi. Alikuwa wa zamani kidogo, lakini nani anamuuliza mkalimani umri?

Miezi ya mwanzo mahindi yalikuwa machache na kila kitu kilikwenda sawa. Halafu mavuno yakaanza. Malori madogo, baiskeli, pikipiki zenye magunia mawili na mwenyewe katikati, wote walijazana langoni, na machekeche yakatikisika pamoja kutwa nzima. Meneja akaanza kulinganisha risiti za mlangoni na skrini yangu. Kupungua kidogo alikutegemea, kwa sababu ya makapi na mawe. Lakini siku zenye watu wengi upungufu ulikuwa mkubwa, na siku za watu wachache hakuna kitu. Alitafakari, na kama mtu mwenye akili timamu, akatazama sakafu.

Maana siku za watu wengi, sakafu nayo ilikuwa na mahindi mengi. Mabeseni yaliondoka yamejaa.

Alianza kwa utani. "Wamama, hii sakafu yenu inakula kuliko soko zima."

"Sakafu haina mdomo," mwanamke mmoja akamjibu, na wote wakacheka.

Wiki iliyofuata hakutania. Aliwasimamisha mbele ya machekeche, wapagazi wakitazama, akawaambia kuna mtu anayalegeza machekeche makusudi ili yamwage. Mamangu akatua beseni lake miguuni pake.

"Bwana Meneja, chukua, pima. Pima sasa hivi."

"Nikipima la leo, la jana je? Mama, mimi sibishani na wewe. Mashine imesema."

"Mashine ya mtoto wangu?"

"Hiyo hiyo."

Nadhani ndiyo sentensi iliyomuumiza. Alirudi nyumbani mikono mitupu, wote wameambiwa wasiguse ufagio mpaka kamati ya ushirika ikae. Hakunipigia kelele. Nyumbani tunasema Kisamia, na Kisamia chake akiwa na hasira huwa cha upole sana.

"Mwanangu, ile mashine yako inasema nini juu yangu?"

"Haisemi kitu juu yako, Mama. Inasema jumla."

"Jumla ya nani?"

Nilijua tu kwamba mwanamke aliyekuwa akiokota kokoto kwenye mahindi mabovu ili kuku wasiumie hakuwa amelegeza chekeche la mtu. Basi kosa lilikuwa langu. Ilikuwa faraja, niamini. Makosa yangu nimeyazoea. Nikakaa kwenye kochi jua likiwa linachaji betri, nikapitia programu mstari kwa mstari, na kila mstari ukanitazama kwa uso wa mtu asiye na hatia.

Nikauliza kwenye jukwaa la waandishi wa programu, watu wa dunia nzima ambao wanasaidiana kwa kutukanana. Nikasema nimeandika amri ya atomiki na bado jumla inapungua, je, huenda kompaila imekosea? Wa kwanza akanijibu kwamba kompaila haikosei, nitazame nilichoandika mimi. Wa pili akasema kila anayeanza hulaumu kompaila, akaweka kikatuni cha mtu analia. Nilikaa na kikatuni kile muda mrefu. Pale ghalani walikuwa na uhakika mwizi ni mwenye ufagio, na hapa walikuwa na uhakika mjinga ni mwenye kochi, na hakuna upande uliokuwa umetazama kitu chenyewe.

Nikaandika programu ndogo, isiyo na mahindi ndani yake. Vibarua wawili, jumla moja, kila mmoja anaongeza moja, moja, moja. Jumla ikatoka sawa, mara zote. Nikabadilisha kitu kimoja tu: badala ya moja waongeze nusu. Yaani namba zenye nukta. Jumla ikapungua. Nikairudia, ikapungua kwa kiasi kingine. Hapo nikafungua lugha ya mashine yenyewe, ile ambayo mkalimani alikuwa ameitoa, nikaisoma kwa kidole kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Kwenye namba kamili alikuwa ametia kufuli kama nilivyoamuru. Kwenye namba zenye nukta hakutia chochote. Soma, ongeza, andika, mlango wazi.

Na mahindi hayapimwi kwa namba kamili. Kila chekeche lilipotua uzito wake sambamba na mwenzake, uzito mmoja ulifutwa. Siku za watu wachache machekeche hayakutua pamoja, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Tangi lilikuwa na mahindi yote. Ni skrini tu iliyokuwa haijui.

Niliwaandikia wenye kompaila. Walinijibu kwa adabu: kosa hilo linajulikana, limesharekebishwa kwenye toleo jipya, wanaomba radhi kwa usumbufu. Limejulikana. Limejulikana kwa nani? Pale Busia tulikuwa tumejua mengine.

Sikungoja toleo jipya. Niliacha kilo zenye nukta, nikahesabu kwa gramu, namba kamili tupu, nikaenda ghalani mwenyewe kuibadilisha programu. Tangu wanawake watolewe malori yalikuwa machache; siku hiyo yalijaa tena, na hakuna kilichopungua. Nikaingia kwa meneja nikiwa natoka jasho la furaha.

"Umeona? Hakuna kinachopungua tena."

"Nimeona," akasema. "Tangu tuwatoe wale wamama, hakuna kinachopungua."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nikamweleza ubao, chaki, mkalimani, kufuli. Alinisikiliza vizuri, kalamu mdomoni, kisha akasema, "Fundi, mimi nakuelewa. Ni mama yako. Hata mimi ningetafuta namna."

"Basi subiri mwondoe mahindi yote," nikamwambia. "Skrini itafika sifuri na tangi litakuwa bado lina mahindi. Hayo ndiyo mnayosema yameibwa."

Malori yakaja kuchukua mzigo kupeleka kwenye kinu cha Tororo. Skrini ikashuka, ikashuka, ikafika sifuri, na mahindi yakaendelea kutoka kwenye mdomo wa tangi kama vile hayajaambiwa. Wapagazi walisimama wakatazamana. Yalijaza lori jingine na kubaki. Nilikuwa nimetoka nyumbani mara ya pili katika wiki moja kuja kuona hilo tu, na sikujizuia, nilicheka kwa sauti.

Meneja alitazama lundo lile akatikisa kichwa taratibu.

"Wameyarudisha," akasema.

"Nani?"

"Waliokuwa wanachukua. Wamesikia kamati inakaa, wameogopa, wameyarudisha."

Nikamuuliza wanawake waliofungiwa lango wamepandaje ngazi ya tangi na tani za mahindi kichwani. Akasema watu wakiogopa hufanya mambo makubwa.

Kamati ilikaa ofisini. Mwenyekiti alikuwa mama wa Masafu, mnene kama mimi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Wafagiaji walisimama nje ya dirisha, mamangu mbele. Mimi nilikuwa na mpango mmoja: nirudishe ile programu ya zamani, wapagazi wamwage mahindi kwenye machekeche yote mawili kwa pamoja, hakuna mwanamke ndani, hakuna ufagio, na wao wenyewe waone yanavyopotea. Nilianza kueleza tendo la atomiki. Mzee mmoja wa kamati akainua mkono.

"Atomiki? Ile ya bomu? Ndani ya chakula ya watu?"

"Hapana, mzee. Ni jina tu."

"Jina mbaya."

Tukaendelea. Mahindi yaliyopimwa mlangoni yakamwagwa, injini zikanguruma, na skrini ikaonyesha upungufu, waziwazi, mbele ya wote. Sakafu ilikuwa na punje za kujaza kofia. Nikageuza programu ile mpya, mahindi yale yale yakapita tena, jumla ikatoka sawa. Nje ya dirisha wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilihisi kitu ambacho wanaotoka nyumbani kila siku pengine wanakihisi mara nyingi.

Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo mwanangu, wewe unaweza kufanya mahindi yasionekane, na unaweza kufanya yaonekane?"

"Si mimi, Mama Mwenyekiti, ni kompaila ndiyo..."

"Lakini sasa hivi ni wewe uliyebonyeza."

"Ndiyo, ila..."

"Na ulijua tangi lina mahindi ya ziada kabla ya yeyote kujua," meneja akadakia. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. "Aliniambia kabisa. Nashangaa sikufikiri. Mahindi ambayo skrini haiyajui, nani atayatafuta yakiondoka? Alikuwa anayaweka akiba."

Hapa nikiri, bila utani: kama ni wizi, ulikuwa mzuri. Nilikaa pale nikiusifu. Sikuwahi katika maisha yangu kupewa akili nyingi kiasi hicho.

Kamati ikanong'ona, mwenyekiti akasimama dirishani. Akawaambia wafagiaji kwamba jina lao limesafishwa, warudi kazini kesho.

"Kwa hiyo sisi hapana wezi?" mamangu akauliza.

"Nyinyi hapana. Ni huyu kijana yako. Na kwa sababu hajachukua kitu bado, hatutampeleka kwa polisi."

"Huyu?" Mamangu alinitazama kupitia dirishani kama ananinunua. "Huyu kutoka nyumba tu hapana toka! Ataiba na miguu gani?"

Ghala zima lilicheka, hata mzee wa bomu. Mimi pia. Lakini uamuzi haukubadilika kwa kicheko. Walichukua ufunguo wa ofisi kutoka kwangu na wakasema watatafuta fundi mwingine.

Tulipofika lango letu nikamwambia arudi kesho, asifikirie mambo yangu, mimi kwa kukaa nyumbani nilishapata uzoefu. Akarudi. Wenzake walimhitaji, na yeye alihitaji kupita lile lango mbele ya yule mlinzi akiwa na beseni. Wapagazi walimpokea kwa jina jipya, mama wa atomiki, na aliniletea jina hilo jioni pamoja na punje, vyote akavipepeta uani.

Fundi mpya alitoka Tororo, kijana wa cheti, kiatu kinang'aa. Nilimtumia ujumbe mrefu: usitumie namba zenye nukta kwenye kadi hiyo, au badilisha kompaila kwanza. Hakunijibu. Naelewa. Angemjibu vipi mwizi? Alifuta gramu zangu zote, akasema ni kazi ya mtu asiyesoma, akaandika upya kwa kilo zenye nukta, kitaalamu, kwenye kadi ile ile na mkalimani yule yule.

Mavuno yaliyofuata, siku ya malori mengi, mamangu alirudi mapema. Jua lilikuwa bado juu. Alikuja na ufagio wake begani, beseni likiwa halina kitu, akauegemeza ukutani ndani ya nyumba na si uani.

"Imeanza kupungua tena," akasema. "Meneja amesimama tangu asubuhi anatazama sakafu. Hajasema kitu bado. Anatazama tu."

"Ni kosa lile lile, Mama. Nitakwenda niwaambie."

"Ukawaambie, halafu waseme umeiloga kutoka huku?" Alivua kitambaa cha kichwani akakikung'uta vumbi. "Na mimi siwezi kufukuzwa mara mbili na kitu kimoja. Nimefagia, punje zote nimezirudisha kwenye chekeche, wao wakiona. Halafu nimetoka."

Sasa tunanunua unga dukani kama watu wengine, na kuku tumewauza. Mimi ninaendelea na simu za watu. Yeye analima kipande chake kule Lumino, anaondoka asubuhi anarudi jioni, na haulizi tena namba zangu ni za nini.

Juzi meneja alimtuma mpagazi mmoja kuja kuuliza kama atarudi, kwa kuwa wafagiaji wengi wameacha na makapi yamejaa mpaka kwenye injini. Mamangu alimsikiliza akiwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Mwambie aulize kompyuta mimi iko wapi," akamjibu.

Mpagazi alisimama kidogo, akidhani kuna maneno mengine yanakuja. Hayakuja. Akageuza baiskeli.